Nimetoka Osaka: jengo kubwa la mbao, choo cha bilioni tatu, na kopo letu la bati

Boriti Kumi (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam. Nina picha kwenye simu ya watu kama thelathini, wazee kwa vijana, wamesimama nje ya choo na kamera mkononi. Hakuna aliyebanwa. Wanapiga picha jengo. Niliituma kwenye kundi la familia, mama mdogo akauliza kama kuna mtu amefia ndani.

Nipo Kobe mwaka wa pili sasa, nasomea mambo ya maji safi na maji taka, kwa hiyo Maonyesho ya Dunia ya Osaka yalikuwa pua na mdomo. Yalifunguliwa tarehe 13 Aprili 2025, yakafungwa 13 Oktoba, na waliopita getini walizidi milioni 25. Mimi nilikwenda mara tatu: siku moja kwa tiketi ya mchana, yeni 7,500, na mara mbili kwa ile ya jioni, yeni 3,700, maana mwanafunzi ni mwanafunzi.

Ukitoka kituo cha treni cha Yumeshima unakutana uso kwa uso na Duara Kuu. Chukulia daraja la mbao lililojikunja hadi likauma mkia wake: mzunguko wa kilomita 2, upana mita 30, upande wa nje mita 20 kwenda juu na wa ndani mita 12. Aliyelisanifu ni Sou Fujimoto. Guinness wameliandika kuwa jengo la mbao kubwa kuliko yote duniani, mita za mraba 61,035. Mvua ikinyesha mnatembea chini yake, jioni mnapanda juu kuangalia bahari.

Nilikwenda kwenye nguzo moja nikaipapasa kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Nguzo imetobolewa, boriti ya kukingama imepenya, kabari imepigwa. Wenyewe wanauita ufundi huo nuki, na ndio ulioshikilia jukwaa la hekalu la Kiyomizu kule Kyoto. Ila msiwasikilize wanaosema hakuna chuma kabisa. Nchi ya matetemeko haina utani huo, kwenye maungio wamesaidia kwa vyuma. Mbao karibu asilimia 70 ni za Japani, zilizobaki zimetoka nje.

Haya, hilo mmeliona kwenye taarifa za habari. Mimi nimekuja kuongea vyoo.

Waandaaji waliita shindano la wasanifu vijana, wakachagua 20, wakawagawia majengo madogo madogo: sehemu za kupumzikia, majukwaa, na vyoo vinane. Vyoo vingine vya uwanjani vilikuwa vya kawaida tu. Hivi vinane ndivyo vilivyonimaliza.

Kimoja ni maboksi ya rangi rangi yaliyopangwa kama vile vitofali vya watoto. Kingine kuta zake ni udongo, umemwagwa tabaka juu ya tabaka na mashine ya kuchapa, ukiwa ndani unajiona uko kwenye korongo. Na kuna kile cha mawe. Hayo mawe yalichongwa miaka 400 hivi iliyopita kwa ajili ya kuta za ngome ya Osaka, yakabaki bila kutumika. Wajapani wanayaita mawe ya masikitiko, yaani jiwe limeandaliwa likaachwa, kama bi harusi aliyesubiri gari lisije. Safari hii yamesimamishwa kama nguzo, na juu yake paa la choo. Kuna Wajapani walikasirika kweli, wakisema urithi wa kale hauwekwi msalani. Mimi nilikaa pale dakika kumi nikiyaangalia, na naona yamepata heshima. Miaka 400 yamelala vichakani, leo watu wa dunia nzima wanayashika.

Ndani sasa. Kiti cha moto, maji ya vuguvugu, kifuniko kinajifungua chenyewe ukisogea. Wageni wengi pale walitoka wakicheka. Mimi nilishazoea, ingawa wiki yangu ya kwanza Japani nilibonyeza kitufe chekundu nikidhani ndicho cha kuflashi, kumbe cha kuitia msaada. Alikuja mlinzi mbio na simu ya upepo. Nilimfungulia mlango kidogo tu.

Swali langu kwenu: kwanini sisi choo ndicho kitu cha mwisho kwenye mchoro wa jengo? Karibuni.

Mkaguzi Huru

Mkuu mbona umeruka bei? Hicho cha maboksi ndicho walichokipa jina la "choo cha yeni milioni 200". Kwa hela ya wakati ule ni zaidi ya bilioni 3 za Kitanzania. Bilioni tatu! Za kujisaidia! Ingekuwa halmashauri yangu imefanya hivyo, huu uzi ungekuwa na kurasa mia.

Boriti Kumi

Sikuiruka, nilikuwa naisubiri ije. Kelele zilianza mapema 2024, kabla hata choo hakijajengwa. Msanifu wake, Takashi Yonezawa, aliamua kujitokeza mtandaoni na kueleza hesabu zake mwenyewe, jambo ambalo wasanifu wengi wangekwepa. Hoja yake kubwa ni kwamba watu wanasikia "choo" wanafikiria kibanda cha matundu mawili, wakati lile ni jengo zima la kuhudumia umati mkubwa kila siku. Ukigawa gharama kwa mita ya mraba, haipiti bei ya vyoo vya umma vya kawaida Japani.

Halafu yale maboksi hayakupangwa vile kwa mapambo. Kila moja linanyanyuliwa na kreni na kuhamishwa. Maonyesho ni ya miezi sita, kila kitu kinabomolewa, kwa hiyo yeye akasanifu choo kinachoweza kugawanywa na kupelekwa kwenye bustani za watu.

Mimi binafsi nasema bado ni ghali. Lakini kelele zilimwangukia kijana wa choo, wakati Duara Kuu lilimeza yeni bilioni 34 na ushee, na watu walilipigia makofi.

Mkaguzi Huru

Duara nalo linabomolewa?

Boriti Kumi

Sehemu kubwa, ndiyo. Kwenye mpango wanabakisha kipande cha mita 200 hivi upande wa kaskazini-mashariki. Na sehemu ya mbao imepangiwa kwenda Suzu, kule rasi ya Noto palipopigwa na tetemeko la Januari 2024, zijengee nyumba za waathirika.

Msanifu wa Mwanza

Nimefurahi umegusa hili la kubomoa na kuhamisha, maana ndiyo hadithi yenyewe ya maonyesho haya na watu hawaioni. Banda la Wanawake pale Osaka, ule uso wake wa vipande vyeupe kama kimia, ni uleule uliokuwa kwenye banda la Japani kwenye maonyesho yaliyotangulia, ya Dubai. Yuko Nagayama ndiye aliyesanifu yote mawili. Ulifunguliwa kipande kwa kipande, ukapanda meli, ukasukwa upya.

Na Shigeru Ban alikuwepo na makuba yake matatu, moja la mianzi, moja la mirija ya karatasi, moja la nyuzi za kaboni. Huyu mzee tunamdai shukrani ukanda huu. Baada ya 1994 wakimbizi wa Rwanda walikuwa wanakata miti kusimamishia maturubai ya UNHCR, milima ikabaki vipara. Wakapewa mabomba ya alumini, wakayauza, wakarudi kwenye miti. Ban akapeleka wazo la mirija ya karatasi ngumu, kitu ambacho ukikipeleka sokoni hakikupi hela. Hapo ndipo nilipomheshimu. Alimfikiria anayekaa chini ya turubai, njaa yake na akili yake ya biashara.

Choo cha vioo kule Tokyo ni chake pia, bustani ya Yoyogi Fukamachi. Ukiwa nje unaona ndani kote, ukiingia na kufunga komeo vioo vinageuka ukungu.

Kopo la Bati

Hapo kwenye vioo mimi hapana 😂 Umeme wa kwetu huu? Umekaa umetulia, TANESCO wanachukua chao, kioo kinarudi kuwa kioo?

Msanifu wa Mwanza

Hahaha, hapana mkuu. Kioo kile umeme ndio unaokifanya kionekane, ukikatika kinabaki na ukungu. Ila baridi iliwahi kuleta shida, ukungu ukawa unachelewa kuja, ikabidi wakizuie kwa muda. Kwa hiyo wasiwasi wako si wa kijinga.

Bint Ghubra

Asalaam alaykum. Nasoma kutoka Maskati. Boriti, mwanangu, umeandika vizuri lakini unaniudhi kidogo. Kiti kinachomwaga maji, ndiyo ajabu? Unguja nimekulia tunachamba kwa maji, kopo liko msalani, bibi yangu akikuta kopo tupu anaita nyumba nzima. Hapa Oman kila choo kina shatafu, kile kibomba cha mkononi cha kuoshea. Wahenga wakafikia hata kuonya kwamba kuchamba kwingi huondoka na mavi. Leo Mjapani ameweka kitufe, tunapiga picha. Amevumbua nini hapo?

Boriti Kumi

Waalaykum salaam, shikamoo bi mkubwa. Swali lako nimelichukua hadi maktaba.

Kwanza una haki, na hata Wajapani wenyewe hawakuanzia kwao. Kampuni ya TOTO ya Kokura ilianza mwaka 1964 kwa kuagiza kutoka Marekani kiti cha kuoshea, kilichokusudiwa wagonjwa. Maji yake yalikuwa hayatabiriki. Leo ya baridi, kesho ya kuunguza, na yanapiga yanakotaka.

Wakaamua watengeneze chao. Tatizo likawa hakuna kitabu duniani kinachosema tundu la binadamu liko sentimita ngapi kutoka ukingo wa kiti. Wahandisi wakaanza kuwaomba wafanyakazi wenzao wakae kwenye kiti chenye waya na waweke alama. Hebu fikiria uko ofisini, unamfuata dada wa uhasibu kumwomba hilo. Walikusanya vipimo vya watu 300 hivi. Humo wakapata pembe ya bomba nyuzi 43, ambayo maji yaliyokwisha kumgusa mtu hayalirudii bomba, na joto la maji nyuzi 38. Mwaka 1980 kikatoka Washlet. Tangazo la televisheni la 1982 lilisema kwamba hata makalio yanataka kuoshwa, likarushwa watu wakiwa mezani wanakula, simu za malalamiko zikamiminika. Leo zaidi ya nyumba nane kati ya kumi Japani zina kiti cha namna hiyo.

Kwa hiyo bi mkubwa, kuosha ni kwetu tangu enzi. Walichofanya wao ni kuketi wakapima. Sisi kopo letu hatujawahi kulipima: liwe na mdomo gani, mpini uwe upande gani, liwekwe kimo gani ili mzee mwenye magoti mabovu asiiname. Ni lile lile kopo la rangi au la maziwa ya unga.

Bint Ghubra

Marahaba. Nimekuelewa. La kopo la maziwa ya unga umenichoma, maana ndilo hasa lilikuwepo.

Mzee wa Ngalawa

Vijana, msisahau kwamba choo na maonyesho ya dunia ni ndugu wa tangu zamani. London, mwaka 1851, maonyesho makubwa ya kwanza, ndani ya jumba la vioo la Joseph Paxton. Fundi mmoja, George Jennings, aliweka humo vyoo vya kuvuta maji kwa umma. Unalipa peni moja, unapata kiti safi, taulo, kitana, na kiatu kinapigwa rangi. Waliolipa walihesabiwa: 827,280. Wakubwa walitaka vifungwe maonyesho yakiisha, Jennings akawashinda kwa hesabu, kwani viliingiza fedha.

Watu walikwenda kuangalia almasi na mashine za mvuke. Nadhani wengi walirudi vijijini wakisimulia choo.

Boriti Kumi

Shikamoo mzee. Asante kwa hili, na Osaka wenyewe ilishatokea tayari. Maonyesho ya 1970, yale ya ule Mnara wa Jua wa Taro Okamoto, yalipokea watu milioni 64. Wajapani wengi wa wakati ule walikuwa wa kuchuchumaa kama sisi, na wapo waliokutana na choo cha kukaa kwa mara ya kwanza pale uwanjani. Kabla muongo haujaisha, vya kukaa vikawa vinauzwa kuliko vya kuchuchumaa.

Mama Nuru

Samahani jamani, mimi si mtaalamu, naomba kuuliza. Niliona kipande cha video cha mashine ya kuogesha binadamu, mtu analala ndani kama yai. Ni kweli au ni mambo ya kompyuta? Nauguza mama yangu, kiharusi, upande wa kulia wote. Kumwogesha ni kazi ya watu wawili na mimi niko peke yangu mchana.

Boriti Kumi

Pole sana mama, Mungu amjalie mama yetu nafuu. Mashine ni ya kweli na nimeiona, ingawa kuingia ndani ni bahati nasibu na bahati haikuwa yangu.

Asili yake ni hiyo 1970. Banda la kampuni ya Sanyo lilionyesha bafu la umbo la yai, mtu anakaa kichwa nje, maji ya moto, mawimbi ya sauti yanatengeneza povu, mipira midogo inamkanda, kisha anakaushwa. Dakika 15. Watoto walijazana kutazama. Mmoja wa watoto wale alikua akawa mkuu wa kampuni ya Science ya Osaka, na mwaka 2025 akairudisha. Ya sasa ina urefu wa mita 2.3 hivi, unalala, mfuniko unafunga, viputo vidogo sana vinatoa uchafu bila kusuguliwa, na kiti kinasoma mapigo ya moyo mgongoni mwako. Dakika zilezile 15.

Lakini mama nikuambie ukweli usije ukaota. Baada ya maonyesho imewekwa sokoni kwa yeni milioni 60. Ni ya mahoteli.

Mama Nuru

Basi. Nilijua tu. Asante mwanangu.

Fundi Bomba Mbagala

Mama Nuru usikate tamaa, nitarudi kwako. Ngoja kwanza niseme na hawa wenye hamu ya viti vya Japani, maana kila mwezi napigiwa simu na mtu amenunua kwenye kontena la mitumba.

Umeme. Kiti cha Japani ni volti 100. Kwetu 230. Ukichomeka moja kwa moja unasikia harufu kabla hujakaa. Lazima transfoma, na bafuni transfoma haikai vivi hivi, inataka boksi lisiloingia maji na ethi ya kweli, siyo ile ya waya uliofukiwa kwenye ndoo ya mchanga.

Presha. Vile viti vinataka presha ya maji yanayotembea ya kama mita 5 za kimo. Simtanki nyingi za Dar ziko kwenye mnara wa mita tatu. Mteja anasema kiti kibovu. Kiti kizima, mnara mfupi.

Maji. Kisima cha chumvi hakitaki. Yale matundu ya bomba ni kama ncha ya sindano, chumvi inaziba, unabaki na kiti cha moto kisicho na maji. Wajapani wenyewe wameandika kwenye kitabu maji yawe ya kunywa.

Mwenye akili timamu anunue kile cha kufunga chini ya kiti kisichotumia umeme, maji baridi, au shatafu ya bi mkubwa wa Maskati. Nchi ya joto, maji ya baridi yamekukosea nini?

Boriti Kumi

Fundi, umeandika kwa aya tano kitu nilichosomea muhula mzima.

Mkaguzi Huru

Naona mnapeana mashada. Mwanzisha uzi, wewe ni mtu wa maji taka na hujataja mlipuko. Au Japani hakuna kashfa?

Boriti Kumi

Sawa, haki yako. Tarehe 28 Machi 2024 kulitokea mlipuko kwenye eneo la ujenzi, na ajabu ni kwamba lilikuwa jengo la choo. Mafundi walikuwa wanachomelea, cheche zikakutana na gesi ya methani iliyojikusanya chini ya sakafu. Zege likapasuka eneo la mita za mraba kama 100. Hakuna aliyeumia, na hiyo ni bahati.

Sababu yake ni kisiwa chenyewe. Yumeshima ni kisiwa cha kutengenezwa, na sehemu yake ni jalala la zamani. Taka zikioza chini zinatoa gesi, gesi inatafuta uwazi, na chini ya sakafu ya choo kuna uwazi wa kupitishia mabomba. Ndiyo sababu choo kikalipuka badala ya ukumbi. Baada ya hapo waliongeza njia za kutolea hewa na vipimo vya gesi kila siku. Wakosoaji walisema hilo lilitakiwa kufanyika kabla ya cheche, na sioni pa kuwapinga.

Kwetu hii si hadithi ya mbali. Shimo la choo lililofunikwa bila bomba la hewa lina gesi hiyohiyo, na nyingine za sumu. Mafundi wanaoshuka kuzibua chemba bila kupima wanafia humo, na majirani wanasema ni majini.

Kashfa nyingine ndogo, usiku wa 13 Agosti 2025: treni ya Chuo ilikosa umeme, na ndiyo treni pekee inayofika kisiwani. Watu kama 30,000 wakakwama. Wakalala chini, chini ya Duara Kuu. Usiku ule sidhani kama kuna mtu aliuliza choo kimegharimu ngapi.

Msanifu wa Mwanza

Mimi nirudi kwenye mbao kidogo, samahani. Kuna banda moja hamjalitaja na ni letu kuliko yote: la Bahrain, la Lina Ghotmeh. Ni jahazi. Vipande vya mbao kama 3,000, vimesimama kama mbavu za chombo kilicho chelezoni kabla hakijapigwa kalafati. Mzee wa Ngalawa angelia. Nilipoona picha nilijiuliza ni nani Lamu, Nungwi au Bagamoyo aliyewahi kuitwa na msanifu majengo aulizwe mbavu inapindwaje.

Mzee wa Ngalawa

Hakuna. Wanatuita wakitaka boti ya watalii.

Omosh wa Kakamega

Watu wangu, niaje. Nimesoma hii uzi yote na nashangaa hakuna ametaja SATO. Hapa Western tuko nazo kwa vyoo vya shimo kila mahali. Ni ka-plastiki ka bluu, bei ni ya kawaida. Hiyo ni ya Mjapani pia, ama?

Boriti Kumi

Karibu kaka. Nilikuwa nimeihifadhi na umenipokonya mdomoni.

Ndiyo, ni ya LIXIL, kundi la Kijapani lenye kiwanda cha INAX, mshindani wa TOTO. Ilianzia Bangladesh, wahandisi wa kampuni yao ya Marekani, American Standard, kwa fedha za Wakfu wa Gates. Inauzwa Kenya, Uganda, Tanzania na kwingine kwingi.

Kwa wasioijua: ni sinki la plastiki la kuweka juu ya shimo, chini lina kibao chenye uzito wa kupingania. Ukimwaga maji kidogo kibao kinashuka, mzigo unapita, kibao kinarudi chenyewe na maji yanayobaki juu yake yanaziba. Inzi hatoki, harufu haitoki, mtoto haogopi shimo. Hakuna umeme wala bomba, na kitufe chekundu hakipo.

Nimeingia vyoo vya Osaka vyote vinane, nimeandika kurasa 40 za ripoti ya darasa. Profesa akauliza, choo gani kimesanifiwa vizuri kuliko vyote ulivyowahi kuona? Nikamchorea kibao cha SATO ubaoni. Alicheka, halafu akaniuliza uzito wa kupingania ni gramu ngapi. Sikujua. Omosh, kama una mizani ya duka hapo karibu, nipimie.

Omosh wa Kakamega

Sasa unataka nitoe ya nyumbani kwa shimo nipeleke kwa mizani ya unga 😂😂 Mke atanifukuza. Wacha nitafute mpya kwa hardware.

Kopo la Bati

Mwanzisha uzi, jibu moja la haraka. Yale mawe ya masikitiko yanakwenda wapi?

Boriti Kumi

Mpango ni yarudi Kizugawa, mji yalikotolewa. 

Fundi Bomba Mbagala

Mama Nuru, nimerudi. Nimekwisha kumfungia mteja mmoja wa Temeke, baba yake alikuwa na hali kama ya mama yako. Kiti cha plastiki cha kawaida, imara, chenye mikono, tunakata tundu la kukalia na kulainisha kingo. Miguu ya nyuma magurudumu mawili, ya mbele mpira. Anakaa chumbani, unamsukuma hadi bafuni, kiti kinaingia juu ya sinki la choo, hashuki. Shatafu moja ndefu ya mita mbili, unamwosha kote akiwa hapohapo amekaa, maji yanaishia chooni. Mtu mmoja anatosha. Kazi ni nusu siku.

Mama Nuru

Fundi, na mlango wangu wa bafu una kizingiti. Kirefu kama kiganja.

Fundi Bomba Mbagala

Hicho tunakivunja. Nipimie upana wa mlango bila fremu, na kimo cha sinki kutoka chini mpaka ukingoni. Ukipata mtu wa kukushikia futi, piga na picha. Niandikie inbox.